SOMO LA BUSTANI: Mmea Wenye Majani Kama Kioo

Mkulima akiuona mmea huu kwa mara ya kwanza huuliza: "Hauliwi na mtu wala ng'ombe. Basi una faida gani?" Swali hilo ni la haki. Mmea huu ni pambo la nyumba, na vijana wengi huuleta kutoka mjini wakija kuwasalimu wazee. Tena watu wa mjini huununua, na mwenye mmea mmoja aweza kuzalisha mingi. Lakini mara nyingi hufa upesi, tena hufa mikononi mwa mtu aliyeupenda sana. Somo hili ni la kuonyesha sababu.

Asili yake

Jina lake katika vitabu ni Haworthia cooperi. Kwao ni Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape. Ni wa ukoo mmoja na mshubiri tunaoujua hapa Kenya. Ni mdogo, waweza kukaa ndani ya kikombe, na majani yake ni manene, yamejaa maji.

Kwao, mwili wake hujificha ardhini katikati ya nyasi na mawe, na ncha za majani tu ndizo huonekana. Wakati wa kiangazi mizizi yake hujikunja na kuuvuta chini zaidi. Ncha hizo hupitisha nuru kama dirisha la kioo, nayo nuru huingia mpaka ndani ya jani ambako chakula cha mmea hutengenezwa. Matundu madogo ya majani hufungwa mchana wa jua na kufunguka usiku kuvuta hewa, ili maji yasipotee ovyo.

Basi fahamu jambo hili: mmea huu una tangi lake la maji. Ukiujazia maji kila siku, mizizi hukosa hewa na kuoza.

Chombo na udongo

Tumia chungu kidogo au kopo, na toboa matundu chini. Chombo kisicho na matundu ni kaburi la mmea huu. Chukua sehemu moja ya udongo mwepesi uliochekechwa na sehemu mbili za changarawe ndogo au mchanga mnene wa mto. Mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa, kama yale ya upande wa Naivasha na Longonot, ni mazuri sana. Usitumie mchanga wa pwani, kwa kuwa una chumvi. Udongo mweusi wa mashamba ya Mwea ni mzuri kwa mpunga, lakini haufai hapa, kwa sababu hushika maji. Usitie samadi mbichi.

Maji

1. Chomeka kijiti kikavu mpaka chini ya chombo, kisha kichomoe. Kikitoka na unyevu, usinyweshe.
2. Kikitoka kikavu kabisa, mwagia udongo maji mpaka yatoke chini. Usimwagie katikati ya majani.
3. Maji yaliyobaki katika kisahani yamwage.

Mara nyingi itakuwa baada ya wiki mbili au tatu. Katika miezi ya baridi na mawingu, Juni mpaka Agosti, ngoja zaidi. Lakini usifuate kalenda, fuata kijiti. Majani yakinywea kidogo, mmea una kiu, ukiunywesha utarudi. Majani yakilegea na kuwa kama uji, umeoza. Uchimbue upesi, kata mizizi iliyooza kwa kisu safi, uache kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, ndipo uupande tena katika udongo mkavu.

Nuru na baridi

Uweke karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi. Ukirefuka na kupauka, unataka nuru zaidi. Ukiwa mwekundu au kahawia, jua limezidi. Kwa wakulima wa Kinangop na Ol Kalou, usiuache nje usiku, maana sakitu hupasua majani yaliyojaa maji.

Wadudu na machipukizi

Ukiona wadudu weupe kama pamba kati ya majani, wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na uangalie mizizi pia, kwa maana hujificha huko.

Kama mgomba, mmea huu hutoa machipukizi ubavuni. Chipukizi likiwa na mizizi yake, litenge, liache likauke siku mbili au tatu, kisha lipande. Ndiyo njia ya haki ya kupata mimea ya kuuza. Usinunue iliyochimbwa porini. Huko Afrika Kusini wezi wamechimba mimea mingi ya ukoo huu.

Mkulima hodari hamlishi ng'ombe kwa sababu mkono wake una nyasi, bali kwa sababu ng'ombe ana njaa. Mmea huu nao uunyweshe unapokuwa na kiu, si wewe unapokuwa na kikombe mkononi.

Maswali

1. Kwa nini chombo kisicho na matundu huua mmea huu?
2. Utajuaje kama mmea una kiu au umeoza?
3. Utafanya nini kabla ya kupanda chipukizi ulilolitenga?