"Sikubali Sana" Si "Napinga Kabisa"

Mwanachuo mwenzangu unayeandaa dodoso la fildi, kabla hujaenda kutoa kopi soma tena majibu yako ya upande wa chini. Wengi tunaandika hivi: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali sana. Yamepangika vizuri kutoka 5 mpaka 1. Balaa liko kwenye lile la mwisho.

Mtu akikwambia "sipendi sana dagaa", utampakulia kidogo naye atakula. Asiyewataka kabisa atasema "sipendi dagaa", basi. "Sana" ikifuata kitenzi kilichokanushwa inapunguza makali. Kwa hiyo "sikubali sana" ni laini kuliko "sikubali" tupu, na ngazi mbili za chini zimepinduka.

Chanzo ni tafsiri. Mwanasaikolojia wa Marekani, Rensis Likert, alipochapisha kipimo chake mwaka 1932, Kiingereza kilimpa kitenzi chenye maana ya kupinga, akakiongezea nguvu. Sisi tunachukua "kubali" na kuikanusha, wakati "pinga" tunayo.

Hili nililiona Bariadi nikimsaidia mwenzangu kujaribu dodoso lake kwa wakulima wa pamba. Sentensi moja ilisema: "Viuatilifu hutufikia kwa wakati." Mama mmoja akajibu, "Hapo sikubali sana." Mwenzangu akazungushia 1. Nikauliza, "Kwa nini, mama?" "Vinafika mwanangu, ila vinachelewa siku mbili tatu." Jirani yake, ambaye vitumba vyake viliharibiwa na funza akiwa bado anasubiri dawa, alijibu kwa mkato: "Sikubali." Huyo akapata 2. Yaani kwenye karatasi, aliyepoteza pamba ana malalamiko madogo kuliko aliyecheleweshewa siku mbili! SPSS haiwezi kukushtua hapo. Itakupa wastani wenye desimali zake, supavaiza atasaini, na afisa kilimo akiisoma ripoti atamhangaikia mtu asiye na shida kubwa.

Tulibadilisha siku ileile: nakubali kabisa, nakubali, niko katikati, napinga, napinga kabisa. Tena hatukuyasoma yote matano kwa mpigo, maana mtu anayesomewa orodha chini ya mwembe mara nyingi hushika la mwisho. Tuliuliza kwanza, "Unakubali au unapinga?" Akishajibu: "Kabisa, au kiasi tu?" Inachukua muda zaidi, lakini mzee ambaye hajazoea makaratasi anakujibu bila kubabaika.

Hapo katikati napo pana mtego. "Sina uhakika" ni mtu asiyejua; "niko katikati" anajua, ila mizani yake imelingana. Usiwaweke kwenye 3 moja. Asiyejua mpe kisanduku chake pembeni, nje ya hesabu ya wastani. Na ukiuliza juu ya idadi, achana na "mara kwa mara", kila mtu ana yake. Uliza msimu uliopita ilikuwa mara ngapi.

Kwa Simiyu kuna jambo jingine. Ukishaingia vijijini Itilima au Meatu, mahojiano mengi yatahamia Kisukuma, hata kama dodoso ni la Kiswahili. Wasaidizi wanne, kila mmoja akitafsiri "napinga kabisa" kichwani mwake, hayo ni madodoso manne. Kaeni pamoja jioni moja kabla ya kutoka mjini, mkubaliane maneno ya Kisukuma kwa kila jibu, myaandike, kila mmoja abebe nakala yake.