Hisba na Usafi wa Mji wa Bandari

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad na ali zake na sahaba zake.

Amma baadu. Mji wa bandari hauwi kama kijiji cha shamba. Katika kijiji watu wajuana, visima ni vichache, na uchafu wa nyumba moja hauendi mbali. Mji wa bandari kila msimu huteremkiwa na mabaharia na wafanya biashara. Nyumba husongamana, vyoo huchimbwa ubavuni pa visima, na anayekunywa maji hajui ni nani aliyepita hapo jana. Hapo kosa la mtu mmoja huwa ni dhara ya mtaa mzima. Kwa hiyo yapasa ijulikane sharia yasemaje juu ya mtu anayewekwa kuangalia usafi wa mji, haki yake ni ipi, na mpaka wake ni upi.

Ibra ya Unguja

Mji wa Unguja ulikua upesi baada ya Sayyid Said bin Sultan kuufanya makao yake. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, na merikebu za Ulaya na Marekani, zilijaa bandarini. Mji ukavuka hori ukawa na Ng'ambo yake, lakini pwani iliendelea kuwa jaa na choo. Livingstone alipofika mwaka 1866 alilipotoa jina la mji kwa ajili ya uvundo alioukuta.

Mwisho wa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia, na kikaendelea hata mwaka 1870. Tabibu Mwingereza, James Christie, aliyekuwapo mjini, alifuatia njia yake akaandika kitabu kilichochapwa London mwaka 1876. Alionyesha kwamba maradhi yalifuata njia za watu: misafara ya bara hata Pangani, kisha Unguja, na kutoka Unguja vyombo vikayachukua hata pwani nyingine. Maradhi hayakuwa na miguu. Miguu ilikuwa ya watu. Baadaye Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alileta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji. Na jambo hili si hadithi ya kale tu, kwani kipindupindu kilirudi tena Unguja na Pemba mwaka 2015 na 2016.

Nani mwenye kuangalia?

Kazi hii katika sharia yaitwa hisba, nayo ni tawi la kuamrisha mema na kukataza mabaya. Mwenye kuifanya kwa kuwekwa huitwa muhtasib. Imam al-Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa madhihabi ya Shafii aliyefariki mwaka 450 wa Hijra (1058), ameieleza katika kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya. Amesema kwamba maji ya mji yakiharibika, muhtasib ataamrisha yatengenezwe kwa mali ya Baitulmali. Na ikiwa haina mali, wajibu utawashukia wenye uwezo katika watu wa mji. Hata vyombo vya bahari hakuviacha: muhtasib humzuia mwenye chombo kupakia kupita kiasi na kusafiri katika upepo mkali, na chombo kikiwa kikubwa huwawekea wanawake mahali pao pa haja.

Basi asiseme mtu kwamba Bwana Afya anayekagua mitaro, visima na masoko ni jambo lililozuliwa na wageni. Jina ni jipya. Kazi ni ya kale, na vitabu vya fiqhi vimeijua kabla ya miaka mia tisa.

Maji tahiri na maji salama

Itasemwa: "Kisima hiki maji yake yamezidi kulateni, na rangi yake, tamu yake na harufu yake havikubadilika. Basi ni tahiri. Vipi hufungwa?"

Jawabu: Ni kweli kwamba maji yakifika kulateni, nayo ni kadiri ya lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yakibadilika. Lakini hukumu hiyo ni ya tohara, wala si hukumu ya dhara. Sumu ya mimea ni tahiri, na kuila ni haramu kwa sababu yaua. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa jicho, wala si lazima vigeuze rangi wala tamu. Maji yaweza kufaa kwa udhu yakawa hayafai kunywewa. Mwenye kuchanganya hukumu hizi mbili amekichukua kitabu akaiacha fahamu yake.

Na akiuliza mwingine juu ya klorini inayotiwa majini, jawabu ni kwamba mageuko machache ya kitu tahiri, yasiyoyaondolea maji jina la maji, hayaharibu utohara wake. Udhu wake ni sahihi.

Choo cha jirani

Kaida ya madhihabi ni kwamba kila mwenye milki atatumia milki yake kwa desturi ya watu, na akipita mpaka huo atadhaminishwa. Wako wanaoishika sehemu ya kwanza ya kaida wakaiacha ya pili: mtu achimba karo hatua tatu kutoka kisima cha jirani, kisha asema, "Hapa ni pangu." Lakini desturi inayozingatiwa ni ile isiyoua watu. Mtume s.a.w. amekataza kudhuru na kudhuriana. Amekataza kukojoa katika maji yaliyosimama, na amehadharisha kufanya haja penye njia, penye kivuli cha watu na mahali wanapoteka maji, kwa kuwa ni mambo yanayomletea mtendaji laana. Ikiwa mwenye kuchafua mateko ya maji kwa juu yuko katika hatari hiyo, mwenye kuyachafua kwa chini ya ardhi, naye ajua, hana udhuru.

Mpaka wa muhtasib

Muhtasib naye hakuachiwa atakavyo. Haki yake ni juu ya munkari ulio dhahiri. Kupeleleza na kuvunja sitara za nyumba si halali kwake, ila khabari ya kuaminika ikimfikia ya jambo ambalo likikawia halitadirikiwa, kama roho ya mtu. Mfereji unaomwagika njiani ni dhahiri. Kisima cha uani hukaguliwa kwa kubisha hodi, kutaka idhini, na kuwapa wanawake nafasi ya kujisitiri. Wala haijuzu achukue rushwa akaacha karo la tajiri na kulivunja la hamali.

Karantini

Sayyidna Umar r.a. alipokwenda Sham akapata khabari ya tauni, alirudi. Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari kwenda katika kadari yake. Kisha Abdurrahman bin Auf akawapasha hadithi ya Mtume s.a.w.: isiingiwe nchi yenye tauni, wala asiikimbie aliye ndani yake. Basi nahodha anayeficha mgonjwa wake ili asizuiwe bandarini hakutawakali, amewakhini watu. Mahujaji waliwekwa karantini katika Tur ya Sinai, na huko mwaka 1905 ilitambulikana aina ya kipindupindu iliyopewa jina la mahali hapo, El Tor. Aina hiyo ndiyo iliyotoka Indonesia mwaka 1961 ikafika Afrika mwaka 1970.

Yapasayo kutendwa

Mwenye nyumba na alitenge karo na kisima, wala asifungulie mfereji njiani. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na chombo kifunikwe kama alivyoamrisha Mtume s.a.w. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula. Akishikwa mtu na kuhara kama maji ya mchele, asingojewe hata asubuhi, kwani aweza kufa kwa muda wa saa chache. Apelekwe hospitali, na njiani anyweshwe lita 1 ya maji safi yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo bila ya kukoma. Wenye kutibiwa mapema karibu wote hupona.

Na wazee wa mitaa wasingoje kukemewa na serikali. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Na udhia ulio mkubwa kuliko mwiba ni ule unaoingia katika mtungi wa jirani naye hauoni.

Wallahu aalam.