Anwani Inasema, Sesheni Inakumbuka

Mtu akisema "Amekuja", walioketi naye wanajua ni nani, kwa sababu jina lilikwisha kutajwa. Ukimwandikia asiyekuwapo, huna budi kutaja jina. Skripti za PHP nazo ndivyo zilivyo. Kigeu cha sesheni ni lile lililokwisha kutajwa: hukaa kwenye seva, na kivinjari hubeba kuki yenye namba ya utambulisho tu. Parameta ya anwani, mfano ?lugha=hunde, ni lile linalotamkwa sasa; humfikia yeyote aliyetumiwa kiungo.

Tofauti hiyo ilinigharimu Kanyaruchinya, nilipokuwa nikikusanya msamiati kwa fomu niliyoiunda mwenyewe. Nilifungua kurasa mbili katika kivinjari kimoja: kwanza ya Kihunde, kisha ya Kinande. Skripti ilisoma parameta, ikaiweka katika $_SESSION['lugha'], na wakati wa kuhifadhi iliangalia sesheni peke yake. Lakini kurasa hizo mbili zilikuwa na sesheni moja, na iliyofunguliwa mwisho ndiyo iliyotawala. Maneno ya mama mzee mmoja, msemaji wa Kihunde, yakaingia yote chini ya Kinande. Katika uainishaji wa Guthrie, Kihunde ni D.51 na Kinande ni D.42. Ni lugha za Kibantu zilizo jirani, na maneno mengi hufanana. Kwa hiyo kosa halikuonekana kwa macho. Niligundua niliposikiliza rekodi upya.

Kwa ukurasa wa kuonyesha maneno, mstari huu unatosha:

$lugha = $_GET['lugha'] ?? $_SESSION['lugha'] ?? 'hunde';

Yaani: kilichotamkwa kwanza, kinachokumbukwa pili, chaguo-msingi mwisho. Kabla ya kuitumia thamani hiyo, hakikisha imo katika orodha ya lugha zako, kwani anwani huandikwa na yeyote.

Kwa kuhifadhi, kumbukumbu haitoshi. Fomu yenyewe ibebe jina la lugha katika uga uliofichwa. Likikosekana, skripti ikatae. Sesheni ibaki na habari za mtumiaji, kama vile nani ameingia. Namba ya sesheni nayo isiwekwe kamwe katika anwani, maana atakayepata kiungo anaweza kuingia kwa jina lako.

Nilirudi kwa yule mama, tukathibitisha neno baada ya neno. Sasa kila neno limeandikwa pamoja na lugha yake.