SHELI, KIHARIRI NA FAILI LILILO MBALI

Katika somo la muhula huu tutatazama jinsi kompyuta iliyo mbele yetu iwezavyo kufungua faili lililomo katika kompyuta nyingine iliyo mbali, na sababu ya kazi hiyo kukwama mara nyingi. Jambo hili lamfaa kila mwanafunzi atakaye kutunza tovuti au kuandika programu, kwani kompyuta zihifadhizo kazi hizo kwa kawaida hazimo chumbani mwake.

Kwanza tufahamu maneno mawili. Kihariri ni programu ya kuandikia na kusahihisha maandishi. Sheli ni programu ipokeayo amri tuziandikazo, ikaifanya kompyuta izitekeleze. Tusiichanganye na sheli tununuapo petroli. Sheli zijulikanazo sana ni Bash, iliyotoka mwaka 1989, na Zsh, iliyotoka mwaka 1990.

Kihariri tutakachotumia kwa mfano ni GNU Emacs, kilichoanza kutolewa na Richard Stallman mwaka 1985. Ndani yake mna sehemu iitwayo TRAMP. Ukitaka faili la mbali, waandika jina lake hivi:

/ssh:asha@seva:/home/asha/ratiba.txt

Neno la kwanza ni njia ya kusafiria. SSH ilibuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, ili mazungumzo ya kompyuta mbili yasisomwe na mtu njiani. Kisha lafuata jina la mtumiaji na la kompyuta, na mwisho mahali lilipo faili. Faili huletwa kwako, nawe hulisahihisha papo hapo. Uhifadhipo, hurudishwa kwao. Basi hata mtandao ukiwa mzito, herufi uzipigazo hazingoji.

Je, TRAMP hufanyaje kazi? Huingia katika kompyuta ya mbali kama mtu aingiavyo, kwa sheli ile ile. Hungoja sheli itoe alama ya kuonyesha kwamba iko tayari, kama vile $ au # au %, ndipo itume amri. Hapo ndipo penye shida. Watu wengi hupenda kuipamba sheli yao kwa rangi, saa na maneno ya maamkio. Mtu huyafurahia mapambo hayo, lakini programu haiwezi kupambanua lipi ni pambo na lipi ni jibu. Hungoja alama isiyoitambua, na kioo husimama kimya. Mwenyewe huulaumu mtandao, akanunua bando jingine, kumbe kosa limo katika faili lake mwenyewe.

Dawa yake ni nyepesi. TRAMP hujitambulisha kwa kigeu kiitwacho TERM, chenye thamani dumb, yaani bubu: kifaa kisichojua rangi wala mapambo. Kwa hiyo, mwanzoni kabisa mwa faili .bashrc la kompyuta ya mbali andika:

[ "$TERM" = "dumb" ] && PS1='$ ' && return

Kwa Zsh, mwanzoni mwa .zshrc andika:

[[ $TERM == "dumb" ]] && unsetopt zle && PS1='$ ' && return

Maana yake ni kwamba ajapo mgeni bubu, mpe alama tupu ya $, wala usiendelee kusoma mapambo yaliyo chini. Ndiyo sababu mstari huu hukaa juu. Maamkio yaliyomo katika .profile yaangaliwe vile vile.

Hali kadhalika, amri za kupeleka mafaili, scp na sftp, huharibika .bashrc ikitoa neno lolote, kwa kuwa neno hilo huchanganyika na mazungumzo yao. Maamkio yawe kwa watu tu, na mstari huu huhakikisha hivyo:

case $- in *i*) ;; *) return ;; esac

Jambo jingine ni njia ya kutafutia programu, iitwayo PATH. TRAMP hutafuta katika saraka za kawaida za mfumo. Ikiwa programu zako zimo katika saraka yako mwenyewe, itaje saraka hiyo katika .profile, kisha weka maneno haya katika matayarisho ya Emacs:

(with-eval-after-load 'tramp
  (add-to-list 'tramp-remote-path 'tramp-own-remote-path))

Tahadhari moja kubwa. Kabla ya kugusa mafaili haya, yanakili. Ukisha kuyabadili, usifunge dirisha ulilomo. Fungua la pili ujaribu kuingia. Kosa dogo laweza kukufungia mlango, na dirisha la kwanza ndilo litakalokuwezesha kulisahihisha.

MAZOEZI
1. Kwa nini mstari wa TERM huwekwa mwanzoni mwa faili?
2. Eleza tofauti ya sheli na kihariri.
3. Mwenzako aingia kwa SSH bila taabu, lakini Emacs yake haifungui faili. Utaanza kuchunguza wapi, na kwa nini?