Springi si Shokapu: Namna ya Kutuliza Kioo Kinachotikisika



Ukipita Buyenzi penye magereji utamwona fundi akiegemea pembe ya gari, akaisukuma chini kwa mikono miwili, kisha akaiachia. Hainami kutazama chini ya gari. Anahesabu. Gari likipanda mara moja na kutulia, shokapu ni nzima. Likipanda na kushuka mara tatu, mara nne, kama mtumbwi uliopigwa na wimbi, shokapu imekufa, ijapokuwa springi haina hata ufa. Somo la leo lote limo katika kitendo hicho. Ndugu zetu wa kitivo cha sayansi wanaohangaika na jaribio la Michelson wangekaa saa moja na fundi huyo kabla ya kufungua vitabu, wangepunguza taabu nyingi.

Kwa wasiolijua jaribio hili: mwali mmoja wa leza hugawanywa mara mbili kwa kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Kila nusu huenda kwenye kioo chake, hurudi, na zote mbili hukutana tena ukutani. Hapo huonekana mistari ya mwanga na giza. Kioo kimoja kikisogea kwa nusu ya urefu wa wimbi, mistari huhama hatua nzima moja. Kwa leza nyekundu ya bei nafuu, nusu hiyo ni takribani milioni 0.3 za mita moja, kwa maneno mengine sehemu ndogo sana ya unene wa unywele. Kwa hiyo chombo hiki ni kipimo kikali mno cha umbali, na kwa sababu hiyohiyo ni kipimo kikali mno cha lori linalopita barabarani.

Michelson mwenyewe aliyaonja. Mwaka 1881 alianza kazi mjini Berlin, lakini mtikisiko wa mji ukamshinda, akahamishia chombo Potsdam. Hata huko aliandika kwamba mtu akipiga mguu chini umbali wa kama mita 100, mistari hupotea. Mwaka 1887, yeye na Morley wakaweka chombo chao juu ya bamba zito la jiwe linaloelea katika zebaki. (Zebaki ni sumu, msithubutu.)

Sisi katika kikundi chetu cha masomo tulianza kwa kosa ambalo naona wengi hulifanya. Mistari ilipocheza, tukaning'iniza kioo kwa nyuzi mbili, tukiamini kwamba kitu kilichoning'inizwa hakishiki mtetemo wa meza. Mistari ikacheza zaidi. Tukabadilisha nyuzi, tukabadilisha kioo, tukamlaumu muuza leza. Tatizo halikuwa katika chochote kati ya hivyo. Tulikuwa tumefunga springi bila shokapu.

Hapa inabidi tutenganishe kazi mbili. Ya kwanza ni kutenga: kuzuia mtikisiko wa nje usifike kwenye kioo. Ya pili ni kufifisha: kuuondoa mtikisiko ambao tayari umo ndani ya kioo. Pendulamu ni hodari kwa kazi ya kwanza na goigoi kabisa kwa ya pili.

Chukua pendulamu yenye uzi wa sentimita 25. Hubembea mara moja kwa sekunde, yaani marudio yake ya asili ni hezi 1. Ukiusogeza mkono ulioishika polepole sana, kizito kinakufuata tu, hakuna faida. Ukiutikisa mara 10 kwa sekunde, kizito karibu hakisogei: mtikisiko umepungua takribani mara 100, kwa kuwa upungufu unakwenda na mraba wa marudio. Ning'iniza pendulamu ya pili chini ya hiyo, nayo ipunguze mara 100 nyingine, jumla mara 10,000. Lakini ukiutikisa mkono mara moja kwa sekunde barabara, sawa na marudio yake ya asili, pendulamu haipunguzi, inakuza. Ndivyo anavyofanya mtoto kwenye bembea: msukumo mdogo uliopatana na wakati wake unampeleka juu sana. Meza yetu ilikuwa inatoa kila aina ya mtikisiko, na kioo kilichagua ule wa hezi 1 kikaucheza dakika nzima.

Dawa ya haraka inayomjia kila mtu ni kuongeza msuguano: sponji, mafuta mazito, kipande cha raba kilichogusa kioo. Mtikisiko unakufa kweli. Ila kitu kinachogusa kioo kwa upande mmoja na meza kwa upande wa pili ni daraja, na daraja hupitisha watu wa pande zote mbili. Waliopanda gari lenye shokapu ngumu kupita kiasi wanalijua hili: haliyumbi, lakini kila kokoto ya barabara wanaihesabu kwa uti wa mgongo. Ukizidisha kufifisha namna hiyo unaharibu kutenga.

Njia iliyotufaa ni sumaku na bamba la shaba. Sumaku ndogo ikigandishwa chini ya kizito na bamba likakaa karibu bila kuguswa, kila sumaku inaposogea hutokea mikondo ya umeme ndani ya shaba, nayo inakataa mwendo. Nguvu ya kukataa inalingana na kasi: kioo kikitulia, hakuna nguvu. Bamba la alumini nalo hufanya kazi. Usiweke chuma, chuma kitaivuta sumaku na kukipinda kioo kutoka mahali pake, nasi tulipoteza jioni nzima kwa skrubu mbili za chuma zilizojificha chini ya meza. Na nyaya za umeme ziwe mbali, kwani umeme wetu wa hezi 50 huivuta na kuisukuma sumaku vilevile, na mtetemo huo utauona ukutani ukadhani ni wa ardhi.

Kabla ya kurekebisha, pima. Sukuma kizito kidogo, hesabu mabembeo mpaka upana wake ufike nusu. Zidisha idadi hiyo kwa 4.5, utapata namba inayoeleza ubora wa bembea, ambayo wahandisi huiita Q. Mabembeo 10 ni Q ya 45 hivi. Kwa kioo cha meza ya darasani tulitaka Q ya kati ya 3 na 10, basi.

Namba hii ndiyo daktari wako. Ikiwa kubwa kuliko ulivyotarajia, sumaku iko mbali mno na bamba. Ikiwa ndogo ghafla, usifurahi. Kitu kinachofifia haraka kuliko jana bila wewe kufanya lolote mara nyingi kinagusa mahali: waya umelegea, uzi umekwaruza fremu, sumaku imelala juu ya bamba. Dalili ya pili ya kugusa ni marudio ya asili kupanda. Kama hesabu inasema hezi 1 na saa yako inasema 1.3, kuna springi ya pili ambayo hukuifunga wewe. Itafute kwa karatasi nyembamba, ukiipitisha pole pole katika kila mwanya.

Sasa tutoke Bujumbura kidogo, twende mahali ambapo tatizo hilihili limefikishwa ukingoni mwa uwezo wa mwanadamu. Marekani kuna vituo viwili vinavyoitwa LIGO, kimoja Hanford katika jimbo la Washington, kingine Livingston katika Louisiana, umbali wa kama kilomita 3,000. Kila kimoja ni interferometa ya Michelson yenye mikono ya kilomita 4. Vioo vyake ni silika safi, kilo 40 kila kimoja, na kila kioo kiko chini kabisa ya pendulamu nne zilizoning'inizwa moja chini ya nyingine. Nyuzi za mwisho nazo ni silika, unene wake takribani milimita 0.4. Kinachotafutwa ni mabadiliko ya urefu yaliyo madogo mara maelfu kuliko upana wa protoni.

Kwa nini nyuzi za silika na si chuma? Kwa sababu ya joto. Msuguano wowote ndani ya uzi hauli mtikisiko tu. Unafungua pia mlango wa mtetemo mdogo wa joto kuingia kwenye kioo. Mambo hayo mawili hayatengani, ni sheria ya fizikia. Silika ina msuguano mdogo mno, hivyo joto linatikisa kioo kidogo mno katika marudio wanayoyataka. Gharama yake ni kwamba uzi ukiguswa unalia kama uzi wa zeze, kwa hezi 500 hivi, na katika ombwe lile mlio huo unaweza kudumu siku kadhaa. Tetemeko moja la mbali linaweza kuziamsha nyuzi zote.

Basi sponji hawawezi, raba hawawezi. Wanafifisha kwa mrejesho: kihisio kinatazama mwendo, kompyuta inakokotoa, na koili yenye umeme inaisukuma sumaku kinyume. Kwa bembea kuu za pendulamu hawafanyi hivyo kwenye kioo chenyewe. Wanafifisha kwenye kizito cha juu kabisa. Kihisio chochote kina kelele yake, na ukiipeleka kelele hiyo moja kwa moja kwenye kioo umeharibu ulichojenga. Ikiingizwa juu, pendulamu tatu za chini zinaichuja. Mimi naona hili ndilo wazo zuri kuliko yote katika chombo kile, na halikuhitaji mashine ya ajabu, ni kujua tu mahali pa kuweka mkono.

Anayejenga mrejesho mdogo kwa kompyuta ya bei nafuu, azingatie mambo haya. Washa mrejesho huku kioo kikibembea. Bembea ikikua badala ya kufa, alama imegeuka: unasukuma mtoto kwenye bembea badala ya kumzuia, badilisha nyaya mbili za koili. Bembea isipokua wala kufa, ila ikawa ya haraka au ya polepole zaidi, basi unasukuma kwa kufuata mahali kioo kilipo, na kilichotakiwa ni kufuata kasi yake. Umeongeza springi, hukuongeza shokapu. Ikifa kisha ikabaki inatetemeka hafifu bila kikomo, ni kelele ya kihisio inayorudishwa. Punguza nguvu ya mrejesho.

Livingston ilipata shida inayofanana sana na yetu. Kituo kimezungukwa na msitu wa mbao, na katika miaka ya mwanzo kazi ya kukata miti na magari yake ilizuia vipimo wakati wa mchana. Suluhisho lilikuja mwaka 2004: mitambo ya haidroliki chini ya misingi ya vioo, yenye vihisio vya mtikisiko wa ardhi, inayosogea kinyume na ardhi. Hanford nako, mwaka 2017, kelele zisizoeleweka zilijitokeza katika data. Vinasa sauti vilivyowekwa kituoni vilikuwa na mdundo wakati uleule, na walipokwenda kutazama nje wakakuta alama za midomo ya ndege kwenye barafu ya bomba la naitrojeni. Kunguru wenye kiu walikuwa wakidonoa barafu, na mdundo ukapita kwenye bomba hadi ndani. Msomaji wa Surat al-Maida atakumbuka kwamba si mara ya kwanza kwa kunguru kumfundisha mwana wa Adam kitu alichopaswa kukiona mwenyewe.

Tarehe 14 Septemba 2015 vituo vyote viwili vilipokea ishara moja, Livingston ikitangulia kwa milisekunde 7 hivi. Ilidumu sehemu ndogo ya sekunde, sauti ikipanda kutoka hezi 35 hivi hadi 250: mashimo meusi mawili yaliyoungana umbali wa kama miaka ya mwanga bilioni 1.3. Hawakutangaza siku ile. Walikaa wakichunguza kama ni mtikisiko, hitilafu, au hata mtu aliyeingiza ishara ya uongo, na tangazo likatoka tarehe 11 Februari 2016. Wanaosoma elimu ya hadithi watautambua mwendo huu: wapokezi wawili walio mbali, kila mmoja na njia yake, na kila njia ikachunguzwa aibu zake kabla ya habari kukubaliwa. Tunapenda kumtaja Ibn al-Haytham kwenye mihadhara kwa fahari. Naona angependa zaidi tukikaa chini na kutafuta skrubu ya chuma.

Na kabla hatujasema mambo haya ni ya Marekani peke yake: setelaiti iliyotusaidia kulitambua shimo jeusi la Cygnus X-1 kwa miale ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Jina lake lilikuwa Uhuru.

Turudi kwenye meza yetu. Tuliishia na bamba la zege juu ya tyubu tatu za pikipiki zilizojazwa upepo kidogo tu, kwa kuwa tyubu iliyojaa ni ngumu na marudio yake ya asili yako juu. Kioo kilining'inizwa, sumaku nne chini yake, shaba umbali wa milimita 3, boksi la katoni juu ya vyote kuzuia upepo wa feni. Q ikawa 6. Mchana bado mistari ilitikisika kila gari zito lilipopita, kwa sababu tyubu hazikuweza kuuzuia mtikisiko wa chini ya hezi 3. Tukabadilisha saa. Baada ya swala ya Alfajiri, kabla mabasi hayajaanza, mistari ilisimama tuli kwa dakika 11. Kisha mtu akafungua mlango wa korido ghorofa ya chini, nayo ikahama hatua mbili na nusu, tukaziandika.