Nuru ya Kiasi: Namna ya Kuchagua Mwangaza wa Tochi Usiku

Somo kwa wagonjwa, kwa wanaowaangalia wagonjwa, na kwa watu wote wa kanisa

Ndugu msomaji, sisi wa Banalia tunakaa karibu na mstari wa ikweta. Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, giza linaingia upesi, na usiku unadumu karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Basi nusu ya maisha yetu ni usiku. Watoto wanazaliwa usiku. Homa ya mtoto inapanda usiku. Watu wanarudi kutoka mkesha usiku, na wengine wanavuka mto Aruwimi usiku kwa mtumbwi.

Siku hizi karibu kila nyumba ina tochi, au simu yenye taa. Mtu akienda kununua tochi sokoni, anauliza neno moja tu: “Ni ipi yenye nuru kali kuliko zote?” Swali hilo halitoshi. Nuru ni kama dawa. Dawa ikipungua, haiponyi, ikizidi, inadhuru. Katika somo hili tutajifunza kupima nuru kwa kazi yake.

1. JICHO NA GIZA

Katikati ya jicho kuna tundu dogo jeusi, ndiyo mboni. Nuru inapita humo. Penye nuru nyingi mboni inakuwa ndogo. Penye giza inapanuka. Tena, nyuma ya jicho, ndani, kuna ukuta mwembamba unaopokea nuru. Ukuta huo unajizoeza giza polepole. Ukitoka penye taa na kuingia gizani, huoni kitu. Baada ya dakika chache unaona kidogo, na baada ya dakika 20 hadi 30 jicho limezoea kabisa.

Lakini fahamu neno hili: kazi hiyo ya nusu saa inaharibika kwa nukta chache tu, kama mtu akimulika macho yako kwa nuru kali. Akiondoa tochi, wewe ni kipofu kwa muda. Kama unatembea, utajikwaa. Kama unaendesha pikipiki, utaanguka, au utamgonga mtu.

Wazee wana haja ya nuru zaidi. Mtu wa miaka 60 anahitaji nuru mara mbili au tatu kuliko kijana wa miaka 20 ili aone jambo lile lile. Basi usimcheke baba yako akisema, “Mwanangu, leta taa karibu.”

2. KIPIMO CHA NURU

Nuru inapimwa kwa kipimo kiitwacho lumeni. Mshumaa mmoja unatoa karibu lumeni 12. Juu ya boksi la tochi mara nyingi imeandikwa hesabu yake. Usiamini kila hesabu ya sokoni. Jaribu tochi mwenyewe kabla ya kulipa.

Kwa kazi zetu, tugawanye nuru katika nguvu tatu:

Nuru ndogo, lumeni 5 hadi 10: kukaa na mgonjwa, kunyonyesha mtoto, kutafuta ndara chini ya kitanda.

Nuru ya katikati, lumeni 30 hadi 100: kutembea njiani, kwenda chooni, kusoma maandiko ya dawa.

Nuru kubwa, lumeni 200 na zaidi: kutafuta mtu aliyepotea, kutazama ng’ambo ya mto, kusaidia mama anayezaa.

Tena, kumbuka umbali. Ukisogeza tochi mbali mara mbili, nuru inayofika haiwi nusu, bali robo tu. Kwa hiyo mara nyingi huna haja ya tochi kubwa zaidi. Sogea karibu.

Tochi nyingine zinakusanya nuru kama mkuki: zinafaa kuona mbali. Nyingine zinatawanya nuru kama taa ya nyumbani: zinafaa kazi za karibu. Ukinunua, tafuta yenye nguvu mbili au tatu, ambayo unaweza kuipunguza.

3. NJIANI

Katika msitu wetu kuna nyoka mnene, mwenye kichwa kipana na rangi kama majani makavu. Wengine humwita kifutu. Huyu hakimbii akisikia miguu ya mtu. Analala kimya juu ya majani, na rangi yake inamficha. Anayemkanyaga anaumwa. Kwa hiyo, mtu anayetembea bila nuru ili asimalize mawe (betri) ya tochi anaweza kulipa bei kubwa kuliko bei ya mawe.

Shika tochi chini, karibu na kiuno, na umulike hatua mbili au tatu mbele ya miguu. Nuru ikitoka chini na kando, kila kitu kinatupa kivuli: shina, shimo, na mwili wa nyoka. Lakini ukivaa taa kwenye paji la uso, nuru inatoka karibu na macho yako, vivuli vinajificha nyuma ya vitu, na njia inaonekana kama imelala sawa. Taa ya paji la uso ni nzuri kwa kazi ya mikono miwili. Njiani tochi ya mkononi ni bora. Vaa pia viatu vinavyofunika mguu, na usitie mkono mahali usipopaona.

Kama mtu ameumwa na nyoka, usichanje jeraha, usinyonye, wala usifunge kamba. Mkalishe, mguu au mkono ulioumwa usitikisike, umpeleke hospitali mara moja.

Ukikutana na mtu, au na baiskeli au pikipiki katika barabara ya Kisangani au ya Buta, geuza nuru chini. Hiyo ni heshima, na ni usalama wako pia, maana ukimpofusha dereva, atakayegongwa ni wewe.

4. MTONI

Anayepiga kasia usiku anahitaji macho yaliyozoea giza, ili aone ukingo wa mto na maji yanayovunjika juu ya mawe. Kwa hiyo tochi kali isiwashwe mtumbwini kila wakati. Mtu mmoja, aliyekaa mbele, aishike. Aiwashe kwa kutafuta gogo au mahali pa kushukia, kisha aizime. Asigeuke nyuma na kumulika mpiga kasia.

Ukungu ukishuka juu ya Aruwimi, usiongeze nuru. Ukungu ni matone madogo ya maji, nayo yanairudisha nuru machoni pako kama ukuta mweupe. Punguza nuru, uishike chini. Kama bado huoni, rudi ukingoni ungoje. Safari nzuri zaidi ya mto ni ile ya mchana.

5. KARIBU NA KITANDA CHA MGONJWA

Mgonjwa anataka usingizi. Ukiwasha nuru kali kila saa ili umtazame, unamwondolea dawa moja nzuri isiyouzwa. Tumia nuru ndogo, na uielekeze ukutani au sakafuni, si usoni.

Kama tochi yako ina nguvu moja tu, ifunike kwa kitambaa cheupe, au imulike ukuta. Unaweza pia kuweka simu chini, taa ikitazama juu, na kusimamisha juu yake chupa ya plastiki yenye maji safi, iliyofungwa vizuri. Maji yatatawanya nuru katika chumba chote, nayo haitachoma macho.

Kuna ugonjwa ambao nuru kali inauletea mateso makubwa. Ni meninjiti, yaani homa ya uti wa mgongo. Sisi wa Banalia tunaijua. Tarehe 8 Septemba 2021 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa huo umeingia katika eneo letu. Siku ile ilipotangazwa, watu 261 walikuwa wamedhaniwa kuwa nao, na 129 walikuwa wamekwisha kufa.

Dalili zake ni hizi: homa ya ghafula, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, na macho kukataa nuru. Mtoto mchanga anaweza kukataa kunyonya, na utosi wake unaweza kuvimba. Basi, ukileta tochi na mgonjwa wa homa akafunika macho na kulia, usiseme, “Ana kiburi.” Zima nuru kali, uwashe ndogo, na usingoje kupambazuka. Mpeleke hospitali usiku ule ule, maana ugonjwa huo unaua upesi, na dawa inafaa zaidi ikitolewa mapema. Tena, asiyekataa nuru anaweza kuwa nao pia. Tazama dalili zote.

Labda umemwona mwuguzi akimulika macho ya mgonjwa aliyezimia. Anatazama kama mboni inapungua, na kama mboni mbili zinafanana. Hiyo ni kazi ya mwenye kufundishwa. Ninyi ndugu wa mgonjwa, msiirudie kitandani kwa kujaribu.

6. WAKATI WA KUZAA

Hapa nuru ndogo ni hatari. Mama mjamzito na azalie hospitali. Lakini hospitalini pia umeme unaweza kukatika, na uchungu unaweza kumkuta mama njiani. Kwa hiyo, katika mfuko wa mama anayengojea kuzaa, pamoja na nguo za mtoto, tia tochi nzuri na mawe mapya.

Mkunga anahitaji taa mbili: moja itawanye nuru chumbani, na nyingine ishikwe na mtu, naye aelekeze nuru mahali mkunga anapofanya kazi. Nuru iwe nyeupe. Tochi nyingine zina nuru nyekundu isiyoharibu sana macho yaliyozoea giza, lakini hapa haifai kabisa, maana damu haionekani vema ndani ya nuru nyekundu.

Na damu ndiyo ya kutazamwa. Baada ya kuzaa, damu inaweza kutiririka chini ya mama kimya kimya, ndani ya nguo na godoro, huku watu wanashangilia mtoto gizani. Damu ikifika nusu lita, hatari imefika. Kwa hiyo, baada ya mtoto kutoka, usizime taa. Inua nguo, tazama, hesabu vitambaa vilivyolowa. Kama damu haipungui, au mama anaona kizunguzungu, mwite mganga mara moja. Kama mko njiani, msisimame mpaka mfike hospitali.

Mtoto mchanga usimmulike machoni. Ukitaka kujua kama ngozi yake au macho yake yamekuwa manjano, mtazame mchana penye mwanga wa jua, kwa sababu nuru ya manjano ya taa ya utambi inaficha jambo hilo.

7. KUTOA DAWA USIKU

Chupa mbili zinafanana gizani. Moja ni dawa ya mtoto, nyingine ni mafuta ya taa au dawa ya wadudu. Usimpe mtu dawa kwa kupapasa. Washa nuru ya katikati, ishike karibu, kama sentimita 30 toka chupani, na usome jina la dawa na kipimo. Kisha pima kwa kijiko au kikombe chake, macho yakiwa sawa na mstari. Kama huwezi kusoma vizuri, mwite mtu anayeweza.

8. KUTUNZA TOCHI NA MAWE

Nuru kali inakula mawe upesi. Anayetumia nuru kubwa kwa kazi ndogo atakuwa gizani saa ya haja. Weka tochi mahali pamoja siku zote, ili hata mtoto aweze kuileta. Tochi ya jua ianikwe kila siku.

Usichanganye mawe ya zamani na mapya. Tochi isiyotumika muda mrefu, toa mawe yake, maana maji yake yanavuja na kuharibu tochi. Mawe yaliyokwisha usiyatupe motoni wala mtoni.

Vibetri vidogo vya mviringo kama kifungo vifiche mbali na watoto. Mtoto akimeza kimoja, kikikwama kooni kinaweza kuchoma mwili wa ndani kwa muda wa saa mbili tu. Usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheka na kucheza.

Mwisho, tochi si mchezo. Usimwache mtoto amulike macho ya mwenzake.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Jicho linahitaji dakika ngapi ili kuzoea giza kabisa? Nini kinaharibu kazi hiyo?

2. Kwa nini tochi ya njiani ishikwe karibu na kiuno?

3. Ukungu ukiwa mtoni, tuongeze nuru au tuipunguze? Kwa sababu gani?

4. Mgonjwa wa homa akikataa nuru, utafanya nini? Taja dalili nyingine nne za meninjiti.

5. Kwa nini taa isizimwe baada ya mtoto kuzaliwa?

6. Usiku huu, tochi ya nyumba yako iko wapi, na mawe yake yana nguvu? Nenda ukatazame kabla ya kulala.