Kabla ya kununua kiwanja, tuulize historia yake



Familia nyingi zilizohama makwao hujiunga katika ushirika, huweka akiba, kisha hutafuta kiwanja cha duka, depo au mashine ya kusaga. Kwa kawaida tunauliza mambo mawili: bei ni ngapi, na hati ni za nani? Swali la tatu husahauliwa: udongo huu umebeba nini?

Mfano: Love Canal, Marekani

Katika mji wa Niagara Falls, kampuni moja ilifukia takriban tani 20,000 za taka za kemikali katika mfereji wa zamani. Mwaka 1953 iliuza kiwanja hicho kwa halmashauri ya shule kwa dola 1 tu. Hati ya mauzo ilitaja taka hizo na kusema kampuni isidaiwe lolote. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Mwaka 1978 serikali ilitangaza hali ya hatari, na mamia ya familia wakahama. Sahihi haikusafisha udongo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1980 inaweza kumdai mwenye kiwanja gharama za kusafisha, hata kama si yeye aliyemwaga sumu. Kwa hiyo wanunuzi wa huko huchunguza kabla ya kulipa.

Hatua tatu

1. Kuuliza. Soma hati za zamani. Waulize wazee na majirani: hapa palikuwa garaji, kituo cha mafuta, kiwanda au jalala?

2. Kutembelea. Angalia mapipa, udongo wenye mafuta, harufu kali, mahali majani hayaoti. Angalia pia maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi.

3. Kupima. Mkiwa na shaka, mtaalamu apeleke udongo na maji kwenye maabara. Madini kama risasi hayaonekani kwa macho. Lubumbashi, ambako shaba ilianza kuyeyushwa mwaka 1911, udongo wa sehemu zilizopata moshi wa kiwanda umekutwa na madini mazito.

Kwa viongozi

Yaliyoonekana yasomwe mbele ya muuzaji, mnunuzi na mashahidi. Mkataba uandike nani atalipa usafishaji. Ukweli ukisemwa kabla ya fedha kutolewa, ni mazungumzo. Ukijulikana baadaye, ni ugomvi.

Maswali ya kujadiliana

- Katika mtaa wetu, nani anakumbuka matumizi ya zamani ya viwanja?
- Muuzaji akikataa kiwanja kichunguzwe, tufanye nini?